Si lazima paka azae kwanza ndipo afungwe kizazi

Kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, wafugaji wengi wa paka na mbwa hapa Mombasa huamini kwamba jike akizaa mara moja kabla ya kufungwa kizazi (kuondolewa ovari kwa upasuaji) hukingika na saratani ya matiti. Hakuna ushahidi kwamba uzazi huo humkinga, na kule kusubiri ndiko kunakomwongezea hatari, kwa kuwa homoni za ovari huchochea chembe za matiti kila anapoingia joto, yaani kipindi cha kutaka dume. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1969 ulikadiria kwamba hatari ya mbwa aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza ilikuwa asilimia 0.5 tu ya ile ya mbwa asiyefungwa. Baada ya joto la kwanza ilifika asilimia 8, na baada ya la pili, 26. Watafiti wa baadaye wamehoji ukubwa wa tarakimu hizo, na kwa mbwa wa mbegu kubwa umri unaofaa huamuliwa na daktari wa mifugo, kwa kuwa kufungwa mapema huweza kuathiri maungio ya mifupa yao.

Paka ndiye wa kuhofiwa zaidi, maana uvimbe wake wa matiti kwa kawaida huwa saratani, ilhali kwa mbwa ni takriban nusu. Sindano za projestini (aina ya homoni) za kuzuia joto, ambazo wengine huziona nafuu kuliko upasuaji (unafuu wa bei tu), nazo huongeza hatari.

Mpapase mnyama matiti yote kila mwezi. Hata kivimbe cha ukubwa wa choroko kionyeshwe daktari, kwani uvimbe wa paka ukiondolewa kabla ya kufika sentimita 2, matumaini huwa makubwa zaidi.