Mbunge wa upinzani katika Bunge la Wales: yanayosemwa kuhusu mijadala ya sera za jamii, na yaliyo kweli

Tangu Bunge la Wales lianze kazi mwaka 1999 hadi uchaguzi wa Mei 2026, serikali ya Wales, yenye makao Cardiff, iliongozwa na chama cha Labour, mara peke yake, mara kwa ubia. Kwa muda wote huo, aliyetaka kutetea viziwi, wagonjwa wa akili au wapangaji akiwa nje ya Labour na vyama vilivyoungana nayo serikalini alisimama upande wa upinzani. Juu ya kazi yake zimejengeka dhana nyingi, na karibu zote zinatokana na kusoma hotuba bila kuuliza imetolewa kwa njia gani: swali, hoja, marekebisho, kamati au mswada. Uzito wa maneno ya mbunge huyu unategemea njia hiyo.

Dhana: hotuba za upinzani ni kelele zinazoishia ukumbini

Si kweli, na ushahidi umo katika vitabu vya sheria. Kirsty Williams aliongoza kundi la chama cha Liberal Democrat lenye wabunge 5 kati ya 60. Desemba 2014 aliwasilisha mswada wa idadi ya wauguzi wodini. Ulipitishwa Februari 2016 na kuwa sheria mwezi uliofuata. Sheria hiyo inazitaka bodi za afya zikokotoe na kudumisha idadi ya wauguzi kwa kupima mambo matatu kwa pamoja: maoni ya kitaalamu ya wauguzi wenyewe, ukali wa hali za wagonjwa, na viashiria vya ubora wa huduma. Ilianza kubana wodi za watu wazima za magonjwa na upasuaji mwaka 2018, ikaongezwa wodi za watoto Oktoba 2021.

Peter Black wa chama hichohicho alipitisha Sheria ya Nyumba za Kuhamishika ya 2013. Iliwalinda wakazi, wengi wao wazee, dhidi ya wenye viwanja waliokuwa wakiwazuia kuuza nyumba zao, na ikaweka sharti kwamba meneja wa kiwanja awe mtu anayefaa na mwadilifu. Kabla yao, Jonathan Morgan wa chama cha Conservative alianzisha safari ya sheria ya afya ya akili wakati ambapo Bunge lililazimika kwanza kuiomba London, yaani serikali na Bunge la Uingereza, mamlaka ya kutunga sheria juu ya jambo husika. Mamlaka yalipopatikana serikali ndiyo iliyoandika sheria ya 2010, lakini mlango ulifunguliwa na mpinzani.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mark Isherwood, Conservative, aliyeingia bungeni mwaka 2003 akiwakilisha Wales Kaskazini. Kwa miaka mingi alibeba mambo yasiyovuta kamera: ulemavu, usonji, hospisi na huduma shufaa, umaskini wa nishati majumbani. Mwaka 2024 jina lake lilitoka kwenye bahati nasibu ya miswada ya wabunge, ile inayompa mbunge asiye waziri nafasi ya kupendekeza mswada wake. Juni mwaka huo Bunge lilimruhusu kuendelea, na Julai 2025 akawasilisha mswada wa Lugha ya Alama ya Uingereza kwa Wales. Ulitaka serikali iwe na mkakati wa taifa wa lugha hiyo, mashirika ya umma yaliyotajwa yaandae mipango yake, na ateuliwe mshauri wa lugha ya alama. Serikali ya Labour iliuunga mkono. Kukubaliana huko hakukuja kwa hotuba moja. Kulitanguliwa na miaka ya maswali, vikao vya makundi ya vyama vyote na hoja zisizo na nguvu ya sheria.

Dhana: ukishinda bahati nasibu, mswada ni wako

Njia ni ndefu kuliko hivyo. Baada ya jina kutoka, mbunge huchapisha maelezo ya pendekezo lake, kisha Bunge zima hupiga kura kumruhusu. Akiruhusiwa ana miezi 13 kuwasilisha mswada kamili. Hatua ya kwanza kamati huchunguza misingi ya mswada na Bunge hupiga kura juu yake. Ya pili ni marekebisho ndani ya kamati. Ya tatu ni marekebisho mbele ya Bunge zima. Ya nne ni kura ya mwisho.

Miswada mingi hukwama mahali wasipopatazama watu. Mswada unaoigharimu serikali fedha za maana unahitaji azimio la fedha, na azimio hilo huletwa na mjumbe wa serikali pekee. Mbunge wa upinzani anaweza kuwa na hoja safi na kura za kutosha, lakini waziri asipoleta azimio, mswada unakufa. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huanza mazungumzo na wizara mapema, wakati bado wanaishambulia wizara hiyohiyo kwenye maswali ya wiki. Hapo hapana unafiki. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Dhana: hoja ya upinzani ikipita, serikali inalazimika kutekeleza

Hoja ni msimamo wa Bunge, haina nguvu ya sheria. Zaidi ya hayo, aghalabu haipiti kama ilivyoandikwa. Mijadala ya vyama vya upinzani hufanyika Jumatano. Mara nyingi serikali huweka marekebisho yenye maneno yaleyale: futa yote, weka haya badala yake. Yakipita, hoja iliyokuwa ikilaumu foleni za huduma kwa watoto wenye usonji hugeuka kuwa hoja inayopongeza juhudi za serikali. Kisha kura ya mwisho hupigwa juu ya hoja iliyorekebishwa.

Wasomaji wengi hupotea hapa. Mtu anafungua orodha ya kura, anaona chama kilicholeta hoja ya kusaidia walemavu kimepiga kura ya hapana, anaandika mtandaoni kwamba chama hicho kimewasaliti walemavu. Kumbe kimekataa maneno yaliyoandikwa upya na wengine. Kabla ya kuhukumu kura yoyote, soma ajenda ya siku hiyo uone maandishi ya awali, soma kila marekebisho na jina la aliyeyaleta, ndipo utazame matokeo ya kila kura kwa mpangilio. Inachukua dakika chache tu.

Mjadala mfupi wa kufunga Jumatano nao hueleweka vibaya. Mbunge aliyepatikana kwa kura ya bahati huzungumza kwa dakika 15 hivi, akiwagawia wenzake sehemu akipenda, waziri hujibu, na kikao kinafungwa bila kura. Jibu la waziri pale si ahadi, hata likiwa na upole mwingi. Likiwa na tarehe au kiasi cha fedha, lishike hilo. Mbunge makini hulirudisha kama swali la maandishi miezi michache baadaye.

Dhana: anaweza kubadilisha posho na mafao ya watu wa Wales

Mafao makubwa ya ustawi, ikiwemo Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo au wasio na kazi, yako chini ya London, sawa na polisi na magereza. Serikali ya Uingereza ilipobana posho ya kupasha nyumba joto kwa wastaafu mwaka 2024, wabunge wa Cardiff waliweza kulijadili jambo hilo, si kulibatilisha.

Lakini kuna waliotumbukia kosa la upande wa pili, wakidhani Cardiff haina lolote mkononi. Ina afya, elimu, nyumba na huduma za jamii. Ina mfuko wa msaada wa dharura kwa wasiojiweza, ulioanza Aprili 2013, na punguzo la kodi ya halmashauri kwa wenye kipato kidogo. Mpango wa Nest, unaotengeneza nyumba zenye baridi ili bili zishuke, ni wake pia. Mbunge anayejua mpaka huu huuliza kwa nini maombi ya mfuko wa dharura yanakataliwa, au kwa nini halmashauri haimpimi mlezi mahitaji yake kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma za Jamii na Ustawi ya 2014. Asiyeujua humlilia waziri jambo ambalo waziri atajibu kwa sentensi moja: hilo liko London.

Dhana: upinzani hupinga kila kitu, na kura zake hazihesabiki

Katika Bunge la 2021 hadi 2026, Labour ilipata viti 30 kati ya 60, haikuwa na wingi. Chakula cha bure kwa wanafunzi wote wa shule za msingi, kilichoanza kutolewa kwa awamu Septemba 2022, kilitokana na makubaliano na Plaid Cymru, chama kilichobaki nje ya baraza la mawaziri. Bajeti ya Machi 2025 ilipita kwa kura 29 dhidi ya 28 kwa sababu Jane Dodds, Liberal Democrat pekee bungeni, hakupiga upande wowote baada ya kupata ahadi za fedha zinazozidi pauni milioni 100, zikigusa huduma za jamii, malezi ya watoto na nauli ya basi ya pauni 1 kwa vijana.

Na mwaka 2016 mswada wa afya ya umma, uliokuwa na zuio la sigara za kielektroniki katika baadhi ya maeneo, ulianguka kwenye kura ya mwisho kwa 26 kwa 26. Kura zikilingana, Spika huitoa ya kwake upande wa kukataa. Mwaka 2017 sheria ya afya ya umma ilipita, bila zuio lile.

Dhana: mswada ulioshindwa ni kazi bure

Januari 2019 mswada wa usonji wa Paul Davies, Conservative, ulikataliwa hatua ya kwanza. Serikali ilisema sheria mahususi haihitajiki. Familia nyingi zilivunjika moyo, na zilikuwa na haki. Lakini katika mjadala uleule serikali ilikuwa imeegemea kwamba itatoa kanuni za utendaji chini ya sheria zilizopo, na sasa ilibidi izitoe. Zilianza kutumika Septemba 2021, zikizibana halmashauri na bodi za afya kuhusu uchunguzi, huduma na mafunzo ya wafanyakazi. Mzazi wa Wrexham au Swansea anayesubiri uchunguzi wa mtoto wake anaweza kuzinukuu kanuni hizo katika malalamiko yake leo, na halmashauri ikizikiuka inapaswa kueleza kwa nini.