Milioni 20 za darasa: zifuate kutoka ubaoni hadi kwenye nondo

Oktoba 2021 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa IMF wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu kubwa iliyoonekana kwa macho ilikuwa madarasa 15,000, na kila darasa la sekondari lilipangiwa shilingi milioni 20. Kiwango kilitangazwa redioni, kikatajwa kwenye mikutano, kikabandikwa kwenye mbao za matangazo. Kwa mara ya kwanza watu wengi vijijini walijua bei ya jengo la serikali kabla halijajengwa.

Nauchukua mradi wa aina hiyo kama mfano kwa sababu hesabu zake ni ndogo kiasi cha mtu mmoja kuzimaliza kwa kalamu na kikokotoo cha simu. Wengi wetu tunapokosea ni pale tunapoikagua jumla. Jumla karibu kila mara iko sawa. Tatizo hujificha kwenye idadi, unene na uzito wa kitu kilichonunuliwa, na ubaoni hayo hayaandikwi.

Tazama tangazo la mfano, la sura ambayo umeiona mara nyingi:

Mapokezi: 20,000,000
Vifaa vya ujenzi: 14,350,000
Ufundi: 4,200,000
Usafiri na gharama nyingine: 1,450,000
Bakaa: 0

Ukijumlisha, hakuna senti iliyopotea, na hapo ndipo mimi ninapoanza kutilia shaka. Ujenzi hauishii kwenye sifuri kamili. Huwa kuna mifuko mitatu ya saruji iliyobaki, au deni la fundi wa madirisha, au elfu themanini benki. Sifuri kamili maana yake mara nyingi ni kwamba mtu alikaa mwishoni akasawazisha. Huenda aliiba, huenda alikuwa anaficha fujo tu. Karatasi peke yake haitakwambia ni lipi.

Tangazo linalofaa lina vitu vitano: tarehe fedha zilipoingia na akaunti zilipoingia, kila kifaa na idadi yake na bei ya kimoja, jina la duka, madeni ambayo hayajalipwa, na vifaa vilivyobaki stoo. "Vifaa vya ujenzi 14,350,000" ni sentensi isiyosema kitu. "Saruji mifuko 120, nondo za milimita 12 vipande 40" inaweza kuhesabiwa na mtoto wa darasa la sita.

Miradi hii hujengwa kwa utaratibu ambao kila mtu anauita fosi akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa, inamlipa fundi ufundi tu, hakuna mkandarasi. Kazi hugawanywa kwa kamati tatu. Kamati ya manunuzi inatafuta bei na kununua. Kamati ya mapokezi inahesabu na kukagua mzigo unapofika. Kamati ya ujenzi inasimamia kazi. Kutenganishwa kwao ndiyo kinga yote iliyopo, kwa hiyo jambo la kwanza la kukagua ni majina. Mtu mmoja akiwa kwenye manunuzi na pia kwenye mapokezi, kinga hiyo haipo tena, hata kama muhuri upo kila ukurasa.

Nyaraka zinazotakiwa kukubaliana ni hizi: hati ya ununuzi iliyoagiza mzigo, hati ya mapokezi yenye sahihi za kamati, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi) kutoka dukani, na leja ya stoo inayoonyesha kifaa kimeingia lini na kimetolewa lini, kwa kazi gani. Anza na tarehe. Risiti ya tarehe 14, mapokezi ya tarehe 11? Mzigo umepokelewa kabla ya kununuliwa. Inawezekana mwenye duka alikopesha, lakini basi deni hilo lionekane kwenye muhtasari wa kikao. Kisha tazama kalamu: hati za mapokezi za miezi miwili zikiwa na wino uleule, mwandiko uleule na mpangilio uleule wa sahihi, ujue zilisainiwa siku moja, pengine siku moja kabla ya mkaguzi kufika. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki ambayo unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Ikikubali, linganisha kiasi kinachoonekana pale na kilichoandikwa kwenye karatasi uliyoishika.

Sasa tutoke ofisini.

Chukua chumba chenye sakafu ya mita 9 kwa 7 na zege la unene wa sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 6.3. Zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hula takriban mifuko 6.4 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo sakafu inataka mifuko 40, na ukiongeza upotevu wa kawaida utafika 44. Leja ikisema mifuko 60 imeenda sakafuni, kuna mifuko 16 ya kuulizia.

Lakini leja inaweza kusema 44 na bado zege likawa na mifuko 28 tu. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuchanganya 1:3:6, ambayo hula kama mifuko 4.4 kwa mita ya ujazo. Piga hesabu utapata 28. Ya pili ni kumwaga unene wa sentimita 7 badala ya 10. Piga tena, 28 ileile. Ya pili unaipima kwa futikamba mlangoni, pale ukingo wa zege unapoonekana kabla ya kizingiti kupigwa plasta. Una siku chache tu za kufanya hivyo. Ya kwanza ni ngumu zaidi kuithibitisha bila maabara, kwa hiyo mjumbe wa kamati ya ujenzi anapaswa kusimama kwenye mchanganyo na kuhesabu ndoo, au karai, au boksi la kupimia. Kama fundi anapima kwa koleo, hakuna anayejua uwiano, akiwemo fundi mwenyewe.

Nondo ni rahisi kuliko vyote, na sijui kwa nini watu hawaipimi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi. Ya milimita 10 ina kilo 7.4. Kwa macho, hasa ikiwa imelala kwenye lundo, tofauti huioni. Mizani ya kupimia mahindi inaiona mara moja. Pima kumi kwa pamoja: kilo 107 ndiyo jibu. Ukipata 90, umeuziwa milimita 11 kwa bei ya 12. Kwenye nondo 20, tofauti ya 12 na 10 ni kilo 65 za chuma zilizolipiwa na ambazo hazimo kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Mabati yana ujanja huohuo: mchanganuo unasema geji 28, lori linaleta geji 30, nyembamba zaidi, na rangi haitofautishi. Soma mhuri uliopigwa kwenye bati lenyewe. Usiamini lebo ya bando.

Kuna uvujaji mmoja ambao mkaguzi wa kutoka mbali hawezi kuuona kabisa, nao ni nguvu za wananchi. Kijiji kimesomba mchanga, mawe na maji. Hakuna aliyeandika. Miezi mitatu baadaye kuna vocha ya kununua mchanga tripu saba. Mchanga upo, jengo lipo, vocha ina sahihi. Kila kitu kinakubaliana isipokuwa kumbukumbu za waliobeba ndoo. Dawa yake ni daftari la shilingi elfu mbili: tarehe, kitongoji, kilicholetwa, kipimo, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji. Mchango wa wananchi ukiandikwa kwa tripu na kutajwa thamani yake, hauwezi kulipwa mara ya pili bila mtu kuonekana.

Niseme pia upande wa pili. Kiwango kimoja cha milioni 20 kwa nchi nzima kilikuwa rahisi kutangaza na kigumu kutekeleza. Saruji inayofika kisiwani kwa boti haina bei ya saruji iliyoshushwa karibu na kiwanda. Mkuu wa shule aliyepewa kiwango kisichotosha ana njia mbili: kusema hakitoshi, au kuzipinda hesabu zitoshe. Mfumo wetu humkaripia wa kwanza. Kwa hiyo ukikuta pengo, uliza bei ya usafiri kabla ya kuuliza jina la mwizi.

Je, CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, haoni haya? Anaona sampuli. Hesabu zinafungwa Juni 30, ripoti inakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha inawasilishwa bungeni. Zege lako limeshakauka zamani. Na neno "hati safi" linapotoshwa sana kwenye mikutano. Maana yake ni kwamba taarifa za fedha za halmashauri zimeandaliwa sawasawa kwa viwango vya uhasibu, bila kasoro kubwa ya kubadilisha picha. Haimaanishi kwamba kila mfuko wa saruji ulifika. Halmashauri inaweza kupata hati safi na katika ripoti hiyohiyo ikatajwa kwa malipo yasiyo na nyaraka. Nenda kwenye viambatisho vya ripoti ya serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako, na utazame hasa jedwali la mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa.

Kuhusu kubandika takwimu, Uganda ndiyo mfano unaotajwa mno. Utafiti wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba ni asilimia 13 tu ya ruzuku ya shule za msingi iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa wilayani kila mwezi, na kufikia 2001 kilichofika kilizidi asilimia 80. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti, maana kulikuwa na mageuzi mengine wakati huohuo. Ninachokiona mimi ni kwamba namba iliyochapishwa ilimwezesha mwalimu mkuu kukokotoa haki yake mwenyewe. Kwetu, elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 kati yake zilikwenda shuleni. Shule ya wanafunzi 800 ilitarajia 4,800,000, sawa na 400,000 kwa mwezi. Mzazi anayeijua 6,000 hahitaji kufundishwa uhasibu.

Ukitaka nyaraka, anza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hakikisha swali lako limeingia kwenye muhtasari kwa maneno yako. Likikwama, andika barua ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 kukujibu. Usiandike "naomba taarifa za mradi". Utaletewa lile tangazo la mistari mitano. Taja waraka kwa jina: "nakala ya leja ya stoo ya ujenzi wa darasa, kurasa za saruji na nondo, Novemba hadi Januari, pamoja na hati za mapokezi zinazohusiana nazo." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na ubaki nayo. Siku zako 30 zinahesabiwa kuanzia muhuri huo.