Solingen ni mji, si kampuni: maelezo kwa wauzaji na wanunuzi wa visu na mikasi

Mama mmoja fundi cherehani alifika ofisini kwetu, tunakopokea malalamiko ya bidhaa bandia, na mkasi alioufunga kwenye kipande cha kanga. Akaufungua, akauweka mezani bila kusema neno. Kwenye ubapa palichorwa herufi nane, SOLINGEN, tena kwa maandishi mazuri. Nilipojaribu kukata kitambaa, bapa mbili zilipishana kwenye ncha, na kitambaa kikatafunwa badala ya kukatika. Karibu na msumari wa katikati kutu ilishaanza kuota. "Mwanangu," akaniuliza, "hawa Solingen wameanza lini kutengeneza vitu vibovu?"

Swali kama hilo linaletwa kwetu kila mara, na malalamiko juu ya visu, nyembe, mikasi na vifaa vya kucha vyenye jina hilo yanaongezeka. Ninaandika haya kwa sababu nimegundua kuwa tunaeleza adhabu na taratibu kila siku, lakini hatujawahi kuwaeleza wananchi Solingen yenyewe ni nini.

Solingen si kampuni. Si aina ya chuma wala si daraja la ubora. Nimewasikia wafanyabiashara wazoefu kabisa wakisema "hiki ni chuma cha Solingen", na nimechoka kulisahihisha hilo, lakini nitalisahihisha tena: huo ni mji wa watu wapatao 160,000 magharibi mwa Ujerumani, kwenye vilima vilivyo juu ya mto Wupper, kati ya Düsseldorf na Köln. Feleji iliyowapa sifa mafundi wake kwa karne nyingi ilitoka nje, hasa eneo la Siegerland. Mji ulikuwa na mto wenye maporomoko ya kuzungusha mawe ya kunolea, misitu ya kutoa makaa, na soko kubwa la Köln umbali wa safari fupi. Kilichobaki kilikuwa mikono ya watu.

Solingen ilipata hadhi ya mji mwaka 1374. Mwaka 1401 mafundi wa kukaza chuma na wanoaji walipewa rasmi haki ya kuwa na chama chao. Baadaye waliwafuata waliounganisha na kukamilisha panga, kisha wahunzi wa panga, na mwaka 1571 watengenezaji wa visu. Kila chama kilikuwa na sehemu yake ya kazi, na haikuruhusiwa kuingilia ya mwenzako. Mhunzi alifua, mwingine akakaza kwa moto na maji, mwingine akanoa, mwingine akatia mpini. Ufundi ulirithiwa na watoto wa mafundi. Mwanachama alikula kiapo kuwa hatahama wala kuwafundisha watu wa nje. Wapo waliovunja kiapo hicho: mwishoni mwa miaka ya 1680 mafundi kadhaa wa panga walihamia Shotley Bridge, kaskazini mwa Uingereza, na kuanza kazi huko.

Sehemu ya kunoa ndiyo iliyoupa mji huo tabia yake. Kandokando ya Wupper na vijito vyake vilijengwa vibanda vya wanoaji, vinavyoitwa Kotten, kila kimoja kikiendeshwa na gurudumu la maji. Balkhauser Kotten na Wipperkotten bado vimesimama, na mgeni anaweza kuingia. Mnoaji aliinama mbele ya jiwe kubwa la mchanga linalozunguka, kisu kikiwa mikononi, maji na tope vikimrukia kifuani. Akimaliza kunoa ubapa mwembamba, aliuweka ukingo wake juu ya ukucha wa kidole gumba na kuubonyeza taratibu. Chuma kikiinuka kidogo kama wimbi na kurudi mahali pake, kazi imekubalika. Kipimo hicho cha ukucha kinajulikana huko hadi leo.

Vumbi la mawe hayo liliua. Wanoaji wengi walipata ugonjwa wa mapafu na kufa wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa walionoa bila maji. Anayeisifia Solingen kwa makali ya visu vyake aikumbuke na gharama hiyo.

Bidhaa zilizunguka kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa kuwa mafundi wengi walifanya kazi majumbani au kwenye vibanda vya kupanga. Waliozibeba ni wanawake. Mke au binti wa mnoaji alijitwika kapu la bapa kichwani, akapanda vilima hadi kwa mwenye biashara, akarudi na bapa mbichi na malipo. Waliitwa Liewerfrauen, yaani wanawake wa kupeleka mizigo. Chakula cha vibandani kilikuwa mkate mweusi wenye siagi, soseji iliyokaushwa kwa moshi, vitunguu na haradali. Kinaitwa Kottenbutter na bado kinaliwa. Umeme ulipofika mwishoni mwa karne ya 19, wengi hawakukimbilia viwandani; walifunga mota ndogo majumbani mwao wakaendelea kujitegemea. Ndiyo maana watu wa mji huo walisifika kwa kutokubali kuburuzwa. Mwaka 1930 baraza la mji lilimchagua mkomunisti Hermann Weber kuwa meya, na serikali ya Prussia ikakataa kumthibitisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mji huu unaolinda jina lake kwa ukali namna hii uliwahi kutumia majina ya wengine bila haya.

Panga za Passau, mji wa kusini mwa Ujerumani, zilitambulika kwa alama ya mbwa mwitu anayekimbia. Wahunzi wa Solingen wakaichukua alama hiyo na kuipiga kwenye panga zao kwa muda mrefu, hadi leo wenye makumbusho hupata shida kujua upanga upi ulitoka wapi. Panga za kwenda Scotland zikapigwa jina la Andrea Ferara, fundi wa Italia aliyesifika. Biashara ilikuwa kubwa: bapa za Solingen zilifika hadi Sudan na jangwa la Sahara, zikatiwa mipini ya huko.

Katika karne ya 19 mambo yalifika pabaya. Chuma cha kumimina kwenye kalibu, ambacho ni rahisi na hakishiki makali, kilianza kutumika kutengeneza mikasi na visu vilivyofanana kwa macho na vile vya kufuliwa. Mafundi waliona bei ya kazi yao ikiporomoka na jina la mji likichafuka. Mwezi Machi 1848 walizivamia karakana za kumimina chuma na kuzivunja. Siungi mkono uvunjaji wa mali, lakini hasira yao naielewa. Walikuwa wameona mapema kuliko serikali kwamba bidhaa mbovu yenye jina zuri humla mtengenezaji wa bidhaa nzuri.

Mwaka 1876 mhandisi Franz Reuleaux alikwenda kwenye maonyesho ya Philadelphia, Marekani, akawaandikia Wajerumani wenzake kwamba bidhaa zao ni za bei rahisi na mbovu. Sheffield nayo, mji wa Uingereza wa kazi hiyohiyo, ililalamika kuwa visu vya Solingen vinaingia sokoni vikiwa na jina la Sheffield. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu za Bunge la Uingereza kupitisha Sheria ya Alama za Bidhaa ya Agosti 23, 1887. Bidhaa ya nje yenye jina au alama ya Mwingereza ililazimika kuonyesha wazi ilikotoka. Hapo ndipo maneno "Made in Germany" yalipoenea, yakiwa onyo kwa mnunuzi. Wajerumani waliboresha kazi yao, na ndani ya miaka michache onyo likageuka sifa.

Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kulijua hili. Sheria yetu ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ya Ushindani huitumia kukamata bidhaa bandia, ni ya ukoo wa sheria hiyo ya 1887. Inapotaja "maelezo ya biashara ya uongo" kuhusu mahali bidhaa ilipotengenezwa, inaendeleza ugomvi wa zamani kati ya Sheffield na Solingen. Kwa hiyo mfanyabiashara anayesema "jina la mji si alama ya mtu, kwa hiyo si kosa" amekosea. Kudanganya kuhusu mahali bidhaa ilipotengenezwa ni kosa, hata kama hukuiga nembo ya kampuni yoyote.

Ujerumani yenyewe ilitunga sheria ya kulilinda jina la Solingen mwaka 1938. Mahali pake sasa pana kanuni ya Desemba 1994 chini ya sheria yao ya alama. Nitaieleza taratibu kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Jina hilo linaruhusiwa pale tu ambapo hatua zote muhimu za utengenezaji zimefanyika ndani ya eneo la viwanda la Solingen, maana yake mji wenyewe pamoja na jirani yake Haan. Hilo peke yake halitoshi. Malighafi na utengenezaji lazima vifae kwa kazi ambayo kifaa kimekusudiwa. Kisu kilichotengenezwa Solingen lakini hakikati hakistahili jina. Vifaa vinavyohusika ni visu, mikasi na bapa za kila aina, vijiko na uma, nyembe na vifaa vya kunyolea, mashine za kukata nywele, vifaa vya kucha, na silaha za makali kama panga. Sufuria haimo. Sufuria yenye neno hilo huangaliwa chini ya masharti ya jumla yanayokataza kumpotosha mnunuzi.

Anayelitumia jina kinyume cha kanuni hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini, na kujaribu tu ni kosa. Akitiwa hatiani, mahakama huamuru maandishi yafutwe kwenye bidhaa alizonazo, na yasipofutika, bidhaa ziharibiwe. Forodha inaweza kuzuia mzigo unapoingia, unapotoka au unapopita tu kwenda nchi nyingine. Hili la kupita liangaliwe sana na wanaoagiza mizigo inayopitia bandari za Ujerumani. Wanaoruhusiwa kudai mkosaji azuiwe ni pamoja na washindani wake na vyama vya wafanyabiashara. Chama cha wenye viwanda na biashara cha Wuppertal, Solingen na Remscheid kinalifuatilia jina hilo kwa karibu.

Watu hunijibu, "Lakini imeandikwa." Kuandikwa si ushahidi! Kuchora neno kwenye chuma kwa leza ni kazi ya sekunde chache. Kuna pia kosa la upande wa pili. Wapo wanaodhani kuwa kila bidhaa ya kampuni yenye makao Solingen imetoka Solingen. Zwilling, ambayo alama yake ya mapacha iliandikishwa na Peter Henckels Juni 13, 1731, ina pia kiwanda Seki, Japani. Kisu cha huko ni kisu halali cha kampuni hiyo, ila hakina haki ya kuitwa Solingen. Soma jina la kampuni na mahali pa kutengenezewa kila kimoja peke yake.

Anayetaka kuona kazi yenyewe akifika huko asiishie madukani. Gesenkschmiede Hendrichs, karakana ya kufua mikasi kwa nyundo za mashine iliyoanza 1886 na kufungwa 1986, sasa ni makumbusho. Gräfrath kuna makumbusho ya bapa za nyakati zote. Kitongoji hicho, pamoja na Wald, Höhscheid na Ohligs, kiliunganishwa na Solingen mwaka 1929. Katikati ya mji utaona majengo mapya zaidi ya vile ungetarajia, kwa sababu mji wa kale uliteketezwa kwa mabomu Novemba 4 na 5, 1944. Kuelekea Remscheid reli inapita juu ya bonde la Wupper kwenye daraja la Müngsten la mwaka 1897, lenye kimo cha mita 107.

Mji huo una majonzi yake ya karibuni pia. Mei 29, 1993 wabaguzi waliichoma nyumba ya familia ya Genç, yenye asili ya Uturuki, na watu watano wakafa, wote wanawake na watoto wa kike. Bibi Mevlüde Genç, aliyepoteza mabinti na wajukuu, alitumia maisha yake yaliyobaki kuhimiza watu waishi kwa amani. Agosti 23, 2024, mji ukisherehekea miaka 650, mtu mmoja aliwashambulia watu kwa kisu na kuua watatu. Serikali ya Ujerumani ikakaza masharti ya kubeba visu hadharani. Msafiri anayenunua kisu huko akiweke kwenye kifungashio chake kilichofungwa, na kwenye ndege akiweke ndani ya begi la mizigo.

Mwisho ni kuhusu kanuni mpya. Tangu Desemba 1, 2025, Umoja wa Ulaya una mfumo mmoja wa kulinda majina ya mahali kwa bidhaa za ufundi na viwanda, unaosimamiwa na ofisi yake ya miliki bunifu iliyoko Alicante, Hispania. Majina yenye ulinzi wa namna hiyo kwenye sheria za nchi moja moja yana hadi Desemba 2, 2026 kuwasilishwa, la sivyo ulinzi huo wa kitaifa unakoma. Kanuni hiyo haifiki kwetu moja kwa moja. Hapa tunabaki na sheria ya 1963, na inatosha kama mlalamikaji ataleta vitu vinavyotakiwa: bidhaa yenyewe bila kusuguliwa wala kunolewa upya, kifungashio chake, na risiti ya EFD. Bila risiti hatuwezi kumfikia muuzaji, na tafadhali msituletee picha ya simu mkidhani inatosha.

Yule mama alikuwa na vyote vitatu. Mkasi wake tumeufunga kwenye bahasha ya vielelezo, na kipande chake cha kanga nilimrudishia.