Meli ya kitalii ikifunga gati Mombasa: panga siku kuanzia saa ya kurudi

Waongozaji wengi hupanga siku ya abiria wa meli kuanzia asubuhi: tutatoka saa fulani, tutapita hapa, tutakula pale. Anza na mwisho. Ratiba ya meli ina saa mbili, ya kuondoka na ya abiria wote kuwa ndani, na hii ya pili kwa kawaida hutangulia nusu saa au saa nzima. Toa tena dakika 90, na hapo ndipo gari lako linapaswa kuwa limefika geti la bandari ya Kilindini. Meli ikiondoka 18:00 na wote wakitakiwa ndani 17:30, wewe uko getini 16:00.

Upande wa asubuhi nao una mtego. Meli kufunga kamba 08:00 si mgeni kushuka 08:00. Watu wa afya ya bandari, uhamiaji na forodha lazima wamalize kazi yao kabla ngazi haijafunguliwa, na makundi yaliyonunua matembezi ndani ya meli hutangulia kushuka. Mhesabie mgeni wako 09:00. Siku iliyoonekana ya saa kumi sasa ni saba.

Andika saa kwa tarakimu, 16:00, kwenye kadi ya kila mgeni, maana dereva akisema "saa kumi" na mgeni akasikia saa kumi ya Kizungu, mmeshapotezana. Uliza pia meli inafuata saa za wapi. Inayotoka Ushelisheli huenda bado iko saa moja mbele yetu: 17:30 ya melini ni 16:30 ya Mombasa. Kundi la matembezi ya meli yenyewe likichelewa, meli kwa kawaida hulisubiri. Wako hawasubiriwi, na aliyeachwa hujitafutia ndege hadi bandari inayofuata, pengine pasipoti yake ikiwa kwa wakala wa meli.

Sasa swali ambalo kila mgeni huuliza: Tsavo. Geti la Buchuma la Tsavo Mashariki liko kama kilomita 100 kutoka mjini, na kwenye ramani safari inaonekana nyepesi. Lakini kutoka Changamwe hadi Mariakani unaandamana na malori yote ya bandari, na foleni ya mizani ya Mariakani ikimwagika barabarani, unakaa. Hesabu saa mbili na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kwa zile saa saba, unabaki na mbili za kutazama wanyama, tena za mchana ambapo simba wamelala kivulini. Meli isipolala Mombasa wala kukaa angalau saa kumi na mbili gatini, kataa. Ukienda, lipa ada ya hifadhi mapema kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwani getini pesa taslimu hazipokelewi, na waambie wageni waache melini chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja. Zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020.

Kusini pana Likoni. Kivuko chenyewe ni kifupi, kungoja feri ndiko kusikotabirika. Mgeni aking'ang'ania Diani, pita njia ya Dongo Kundu: ni mzunguko, lakini muda wake unaweza kuukadiria.

Mpango unaofaa siku ya kawaida ni kwenda mbali kwanza, karibu mwisho. Vuka daraja la Nyali mara tu wageni wanaposhuka, wakati magari mengi bado yanaingia kisiwani nanyi mnatoka, hadi Haller Park kule Bamburi, machimbo ya saruji yaliyogeuzwa msitu na René Haller kuanzia 1971. Piga simu siku moja kabla uulize saa ya kulisha twiga, upange kufika nusu saa mapema. Chakula cha mchana Nyali kiagizwe asubuhi, kwa idadi na kwa aina. Samaki wa kuchoma wa watu ishirini walioagiza wakiwa wameshakaa mezani ni saa nzima na zaidi. Saa 13:30 rudini kisiwani kabla foleni ya magari ya Kongowea haijafunga barabara.

Fort Jesus inabaki mwisho kwa sababu iko kama kilomita 4 tu kutoka gatini, na mkichelewa mnapunguza Mji wa Kale bila kuvunja siku. Kuna watakaosema jua la saa nane ni kali mno pale ndani, na ni kweli. Dawa yake ni kuanza na ukumbi wa makumbusho, penye kivuli na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Kuta za juu na mizinga viacheni dakika kumi za mwisho, upepo ukianza. Sakafu ni ya matumbawe yenye mashimo na ngazi hazilingani: mgeni wa kigari au mkongojo aambiwe kabla ya kulipa, si akiwa mlangoni. Siku ya Ijumaa vichochoro vya Mji wa Kale hujaa wanaokwenda msikitini adhuhuri, basi msipeleke kundi na kamera saa hizo. Mabega na magoti yafunikwe siku zote.

Dola zilizochanika au za matoleo ya zamani maduka ya fedha huzikataa, na mgeni hana M-Pesa. Tembea na shilingi ndogo ndogo za kumchenjia.

Mwishoni mtu ataomba mpite Changamwe kununua vinyago kwa Akamba, ushirika wa wachonga vinyago. Ni kazi nzuri na bei nzuri, lakini Changamwe iko bara, ng'ambo ya daraja la Makupa, njia ileile ya malori. Baada ya 14:30 jibu ni hapana. Vinyago vipo mtaa wa Ndia Kuu, hatua chache kutoka ngomeni.