Ostrakismo: kura ya kumwondoa mkubwa mjini

Ostrakismo ilikuwa kura ya raia wa Athene, katika Ugiriki ya kale, ya kumwondoa mtu mmoja mjini kwa miaka 10. Mtu huyo hakushtakiwa kwa kosa lolote, hapakuwa na hakimu, wala hakupewa nafasi ya kujitetea. Kila raia alikwaruza jina la amtakaye aondoke juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, ambacho Wagiriki walikiita ostrakon. Aliyetajwa mara nyingi kuliko wote alipewa siku 10 awe ameshaondoka.

Wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza huidhani ni adhabu. Lakini aliyeondolewa alibaki raia, mali yake haikuguswa, mapato ya mashamba yake yaliendelea kuwa yake, na miaka 10 ikiisha alirudi nyumbani na haki zake zote bila doa. Kilichotakiwa ni asiwepo tu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa na busara kubwa. Kila mwaka, majira ya baridi, mkutano wa raia uliulizwa swali moja: mwaka huu tupige kura ya vigae au tusipige? Jina la mtu halikutajwa. Wakikubali, kura ilisubiri kama miezi miwili, na kwa muda huo hasira za siku moja zilipoa, watu wakasemezana majumbani na sokoni. Siku ya kura uwanja wa soko ulizungushiwa uzio wenye milango 10, mmoja kwa kila kabila la raia. Vilihitajika vigae 6,000, na kwa mji wa enzi zile hao ni watu wengi mno. Wanawake, watumwa na wageni hawakupiga kura.

Chanzo chake kilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sura ya mtu. Hippias, aliyeitawala Athene kwa mabavu kama baba yake Peisistratos, alifukuzwa mwaka 510 KK akakimbilia kwa Waajemi. Mwaka 490 KK, jeshi la mfalme Dario liliposhuka Marathon, Hippias alikuwa nalo, mzee tayari, akiwaonyesha njia ya kuingia nchini kwake. Waathene walishinda vita ile, na mwaka 487 KK wakaitumia kura ya vigae kwa mara ya kwanza, dhidi ya Hipparchus, ndugu wa ukoo huohuo wa Hippias. Sheria yenyewe husemwa ilitungwa na Cleisthenes, baba wa mageuzi ya kidemokrasia ya mwaka 508 KK.

Hofu hiyo bado inasomeka kwenye vigae. Zaidi ya 10,000 vimefukuliwa mjini Athene, vingi katika eneo la Kerameikos. Baadhi vinamtaja mtu aliyeitwa Kallias na kumwita Mmedi, jina ambalo Wagiriki waliwapa Waajemi, na kimoja kimechorwa mtu aliyevaa mavazi ya Kiajemi. Mpiga kura hakutosheka na jina, akaeleza na sababu.

Kwa Waajemi, mkubwa aliyezidi kimo alishughulikiwa kwa njia nyingine kabisa. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia habari za Oroites, liwali wa mfalme katika mji wa Sardis, aliyefikia kumwua mjumbe wa Dario na kulindwa na askari 1,000 wa Kiajemi. Dario hakutuma jeshi. Alimtuma Bagaios na barua kadhaa zenye muhuri wa mfalme, zikasomwa kwa sauti moja baada ya nyingine mbele ya walinzi wale. Bagaios alipoona wanaziheshimu, akatoa iliyowakataza kumlinda Oroites, nao wakaweka mikuki chini. Barua ya mwisho iliagiza auawe, wakamwua palepale. Pale Sardis neno la mtu mmoja aliye mbali lilitosha. Athene ilibidi maelfu ya watu wakubaliane, na mlengwa akaondoka akiwa hai. Nikipima njia hizi mbili, hilo la kuondoka hai ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Lakini haki haikuwa na uhakika. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika zaidi ya miaka 500 baadaye, anasema siku alipoondolewa Aristides, kiongozi wa Athene, mwaka 482 KK, mtu asiyejua kusoma alimwendea bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. "Kakukosea nini?" akaulizwa. "Hajanikosea kitu, hata simjui. Nimechoka tu kusikia kila mahali anaitwa Mwadilifu." Aristides akaliandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae. Ujanja nao ulikuwepo: kwenye kisima kimoja chini ya Akropolisi, kilima chenye ngome ya mji, vilipatikana vigae 190 hivi vyenye jina la Themistocles, kiongozi mwingine wa Athene, na mwandiko ni wa watu 14 tu. Viliandaliwa mapema, tayari kugawiwa wapiga kura.

Xerxes, mwana wa Dario, alipoivamia Ugiriki mwaka 480 KK, Athene iliwaita nyumbani walioondolewa. Mwaka uliofuata Aristides aliwaongoza Waathene kwenye vita vya Plataea. Themistocles, ambaye mbinu zake ndizo zilizowaangamiza Waajemi majini kule Salamis, zamu yake ilifika miaka michache baadaye, karibu mwaka 471 KK. Aliishi kwanza katika mji wa Argos, kisha akatuhumiwa kula njama na Waajemi, na kwa kukosa pa kujificha akaishia kwao kweli. Alijifunza Kiajemi, akamwendea mfalme Artaxerxes, mwana wa Xerxes, yule Artashasta wa kitabu cha Nehemia. Mfalme akampa miji mitatu: Magnesia iwe mkate wake, Lampsacus divai yake, na Myus kitoweo chake. Baba alishindwa naye vitani, mwana akamlisha.

Mtu wa mwisho kuondolewa alikuwa Hyperbolus, kati ya mwaka 417 na 415 KK. Kura ile ilitarajiwa imwangukie Nicias au Alcibiades, wakubwa wawili waliokuwa wakigombania uongozi. Hao wakapatana kwa siri, wafuasi wa pande zote wakaandika jina la mtu wa tatu, na Waathene wakaona silaha yao imechukuliwa na walewale iliyokusudiwa kuwadhibiti. Sheria haikufutwa. Kizazi hadi kizazi mkutano uliendelea kuulizwa kila mwaka kama watu wanataka kura ya vigae, na hakuna aliyeondolewa tena.