Je, wajua kwa nini viwanda vingi havipangi mashine kwa vikundi?

Karakana nyingi hupanga mashine kwa aina: za kukereza upande huu, za kutoboa upande ule, tanuri kule mwisho. Kipande cha chuma huzungushwa kote humo, na muda wake mwingi hupotea kwenye foleni. Mfumo wa vikundi, ambao wengine huuita wa seli, hukusanya mashine chache za aina tofauti mahali pamoja, mara nyingi kwa umbo la herufi U, ili watu wachache wamalize bidhaa za jamii moja tangu mwanzo hadi mwisho. Foleni hupungua, kasoro hugunduliwa mapema. Wahandisi wa Kisovieti walilifanyia kazi wazo hili tangu miaka ya 1950.

Mbona basi halijaenea kote? Mashine zenyewe ni sababu mojawapo. Tanuri la kukomaza chuma ni ghali, haliwezi kununuliwa kwa kila kikundi. Mashine moja ikiharibika, kikundi kizima kinasimama. Ila kikwazo kizito zaidi, kwa maoni yangu, ni malipo.

Tazama yaliyoikuta Levi Strauss, watengenezaji wa jinzi wa Marekani. Mshonaji wao alikuwa akifanya kazi moja tu kutwa nzima, tuseme kutia zipu au kushona vitanzi vya mkanda, na kulipwa kwa idadi ya vipande. Mwenye mkono mwepesi alipata zaidi. Mwaka 1992 kampuni ikaanza kuwaweka kwenye vikundi vinavyolipwa kwa suruali zilizokamilika. Hapo aliye mwepesi akaona pato lake linashuka kwa sababu ya mwenzake anayejifunza, au aliyeshindwa kufika kazini kwa ugonjwa. Ugomvi ukazuka, na uzalishaji kwa saa ukaanguka. Siwalaumu washonaji hata kidogo: waliguswa kwenye unga wa watoto wao.

Kilichohitajika ni kumfundisha kila mtu kazi kadhaa mapema na kumwongezea malipo kwa kila kazi anayoimudu. Hilo lina gharama, na hapo ndipo wahasibu huweka ngumu. Meneja wengi hupimwa kwa saa ambazo mashine zinafanya kazi, na kwenye kikundi baadhi ya mashine lazima zipumzike. Katika ripoti ya mwisho wa mwezi, mapumziko hayo husomeka kama hasara, hata pale bidhaa zinapomfikia mteja mapema kuliko zamani.