Gari la Mirihi husimama zaidi ya linavyotembea

Wanafunzi wakisikia kwamba rova ya Perseverance, gari lisilo na dereva la NASA (shirika la anga la Marekani) lililoko Mirihi, ikikaza mwendo kabisa, hufikisha mita 150 hivi kwa saa, huangua kicheko. Punda wa mkokoteni wa maji hapa Dodoma angeipita na bado akapata nafasi ya kuchuma majani kando ya barabara. Huwa nawaacha wacheke, kisha nawauliza: ukienda fildi Bahi, siku iliyokulipa ni ile uliyotembea sana, au ile uliyokaa asubuhi nzima mbele ya jiwe moja?

Mimi ni mjiolojia wa miamba mashapo, yaani nasoma matope na mchanga wa kale uliogeuka mwamba. Habari za Mirihi nazifuatilia kwa jicho hilo. Roketi na parashuti nawaachia wengine. Kinachonivuta ni namna watu walio mbali hivyo wanavyoamua jiwe lipi lisimamiwe na lipi lipitwe.

Kwanza tumalize hili la mwendo. Rova ina uzito wa kilo 1,025 na magurudumu sita ya aluminiamu. Umeme wake unatokana na joto la kilo 4.8 za plutoniamu, na ilipotua mtambo huo ulikuwa ukitoa wati 110 hivi tu, ndiyo maana ina betri mbili za kukusanyia nguvu kabla ya kazi nzito. Halafu hakuna aliyeshika usukani. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika huko, kutegemea sayari hizi mbili zimeachana kiasi gani. Ukiona shimo kwenye skrini na kupiga breki, umechelewa zamani. Kwa hiyo asubuhi ya Mirihi rova hupokea maagizo ya siku nzima, inayatekeleza peke yake, ikijipigia picha na kujichagulia njia kati ya mawe, kisha hutuma matokeo kupitia setilaiti zinazoizunguka sayari hiyo. Siku ya kule ni ndefu kuliko yetu kwa dakika 39 na ushei, kwa hiyo timu ikifuata saa za Mirihi, zamu ya asubuhi baada ya wiki chache inakuwa ya usiku wa manane.

Tahadhari hiyo si woga. Mwaka 2009 rova nyingine, Spirit, ilizama kwenye mchanga laini na haikutoka tena. Aliyewahi kuendesha Land Cruiser kwenye mbuga za Bahi wakati wa masika anajua hali hiyo, ila sisi tunao wazee wa kijiji watakaoita vijana waje na majembe. Hata hivyo ni Spirit hiyohiyo, miaka miwili nyuma, iliyokuwa ikiburuta gurudumu bovu la mbele likachimbua mfereji, na chini ya udongo mwekundu kukaonekana kitu cheupe ambacho karibu chote ni silika, madini yaleyale ya kutengenezea kioo. Silika ya namna hiyo huachwa na maji ya moto au mvuke wa volkeno. Bila gurudumu kuharibika, wangepita juu yake.

Perseverance ilitua tarehe 18 Februari 2021 ndani ya kreta ya Jezero, yaani shimo lililochimbwa na kimondo, lenye upana wa kilomita 45 hivi. Zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, mto uliingia humo kutoka magharibi, ukakutana na maji yaliyotulia, ukatua mzigo: mchanga mzito mlangoni, matope laini mbele zaidi. Delta hujengwa hivyo. Huku kwetu Mto Bubu hushuka kutoka upande wa Kondoa ukiwa umebeba udongo uliomomonyoka vilimani, ukaishia katika bwawa la Bahi. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Bahi kwa kawaida maji hayana pa kutokea, hukauka yakaacha chumvi na chokaa. Jezero ina mfereji wa kutokea upande wa mashariki, na maji hayawezi kukata ukingo wa kreta kabla ya kulijaza beseni hadi huko juu. Kwa mfereji huo peke yake, ulioonekana kwenye picha za setilaiti, tulijua kwamba lile lilikuwa ziwa la kweli, si kidimbwi cha msimu.

Basi wengi tulitegemea sakafu ya kreta iwe ya matope ya ziwa. Haikuwa. Rova iliposimama ikakwangua mawe, ilikuta miamba ya moto: lava, na mingine yenye punje za olivini, madini ya kijani, zilizozama chini wakati magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipoa taratibu. Wenzangu wengine wa mashapo walinuna kidogo. Mimi nilifurahi, na sababu nitaisema mwishoni.

Hapo kwenye kukwangua ndipo penye kazi yenyewe. Jiwe lililokaa juani miaka mingi huvaa ngozi, na ngozi hiyo hudanganya. Vilima vya graniti vinavyoizunguka Dodoma vina miaka zaidi ya bilioni 2.5, lakini ukiangalia uso wake tu utaona kutu, ukungu na vumbi. Sisi tunapiga nyundo, tunasogeza lenzi kwenye sehemu mbichi, tukishuku chokaa tunadondosha tone la asidi na kuangalia kama litachemka. Rova haina nyundo. Inasaga duara la sentimita 5 hivi, inapuliza vumbi kwa gesi ya naitrojeni, ndipo inaleta vifaa vilivyo mwisho wa mkono wake: kimoja kinapiga eksirei kwenye vitone vidogo sana na kuchora ramani ya elementi, kingine kinatumia leza kutafuta madini na kaboni ya kikaboni, yaani ya aina inayojenga miili ya viumbe ingawa hutokea hata bila uhai. Mlingotini kuna leza nyingine inayoweza kupiga jiwe hadi umbali wa mita 7, ikayeyusha kitone chake na kusoma mwanga unaotoka. Kipimo kimoja cha eksirei huweza kuchukua usiku mzima. Sasa hesabu mwenyewe hizo mita 150 kwa saa zina umuhimu gani.

Baada ya hayo yote ndipo huja uchorongaji. Rova ilibeba mirija 43, na 5 kati yake haikusudiwi mwamba wowote: kazi yake ni kuonyesha uchafu gani tuliusafirisha wenyewe kutoka duniani. Kipande cha mwamba kinachoingia kwenye mrija kina unene wa milimita 13 na urefu wa sentimita 6 hivi. Mara ya kwanza, Agosti 2021, mashine ilichoronga vizuri, mrija ukafungwa, na ndani hamkuwa na kitu. Mwamba ulikuwa umeoza ukasagika kuwa unga. Wachorongaji wa hapa nyumbani hawakuhitaji maelezo, maana graniti iliyooza huwafanyia hivyo kila msimu. Mwezi uliofuata walichagua jiwe gumu zaidi, nao wakapata.

Kisha, Julai 2024, katika bonde la ule mto wa kale, wakasimama kwenye mwamba wa matope waliouita Cheyava Falls. Una madoa ya chui: katikati hafifu, ukingo mweusi. Ndani yake kuna fosfeti ya chuma na salfaidi ya chuma, pamoja na kaboni ya kikaboni. Chimba tope la bwawa lolote lenye majani yaliyooza, utakuta weusi na harufu ya yai viza. Ni bakteria wanaokula mabaki hayo kwa kutumia chuma na salfa. Yapo pia mabadiliko ya kikemia yasiyohitaji kiumbe, ila mengi yanataka joto kubwa, na mwamba huo hauonyeshi dalili ya kupikwa. Makala ya kisayansi ya Septemba 2025 iliita madoa hayo dalili inayowezekana ya uhai wa kale, na mimi nisingeongeza hata neno moja juu ya hapo.

Kuthibitisha kunahitaji maabara za duniani, na safari ya kuileta mirija hiyo imekwama kwenye bei. Mwaka 2024 NASA yenyewe ilikiri kwamba mpango uliokuwepo ungefika dola bilioni 11 na sampuli zisingefika kabla ya 2040.

Zikifika, kila mtu atakimbilia mrija wa madoa. Mimi ningeanza na lava ya sakafu. Umri wa nyuso za Mirihi tunaukisia kwa kuhesabu mashimo ya vimondo, na kanuni ya hesabu hiyo ilipimwa kwa mawe ya Mwezi, ambako vimondo havikupiga kwa kasi ileile. Matope hayana saa nzuri ndani yake, ila lava inayo: elementi zenye mionzi zinazooza kwa kasi inayojulikana tangu ilipoganda. Ukishajua ni lini ilipoa, na delta imelala juu yake au chini yake, ndipo unaweza kusema ziwa lile lilikuwepo lini, na kama madoa yale ni ya wakati ambao hata hapa duniani bakteria walikuwa wameanza.